Gari la Viti Viwili

Mama Pacha alikuwa dereva wa basi la shule, na si dereva wa juzi. Watoto aliowabeba mwanzo walikuwa sasa wanamkabidhi watoto wao mlangoni, wakisema, "Huyu ndiye aliyekuwa akinipeleka mimi," naye anaitikia kwa kichwa tu, jicho liko kwenye kioo, kwa sababu kuna mmoja kule nyuma hajatulia. "Kaa chini!" Hilo ndilo neno alilolisema kuliko neno lingine lolote maishani mwake. Watoto wakambatiza Bibi Kaa-Chini, na walimu, ambao walipaswa kuwaonyesha watoto adabu, wakalidaka jina wakaenda nalo.

Nyumbani alikuwa Mama Pacha. Pacha wenyewe walikuwa wanaume wazima wenye nyumba zao na vitambi vyao, na ndani ya nyumba walibaki yeye na mumewe, Baba Pacha, wakipikiana chai na kubishana kuhusu dirisha lifungwe au lisifungwe. Maisha hayakuwa mabaya. Nasema hivi mapema ili mtu asije akadhani namsimulia mwanamke mwenye shida. Hakuwa na shida. Alikuwa na hamu, na hamu ni kitu kingine kabisa.

Hamu yenyewe ilimwingia kwenye taa za barabarani. Basi lilikuwa limesimama, limejaa watoto, na pembeni yake kikaja kigari kimoja kidogo cha wazi, kifupi kwa kimo hivi kwamba yeye, kutoka kwenye kiti chake cha basi, alikitazama kwa juu kama mtu aliye ghorofani. Aliona kila kitu. Aliona magoti ya dereva, mkono juu ya gia, usukani mdogo wa ngozi, viti viwili tu, na baada ya hapo gari limekwisha. Hakuna kiti cha nyuma. Hakuna mtu wa nyuma. Taa zikabadilika, kile kigari kikatoa sauti ya kukohoa kwa raha kikaondoka zake, na basi la shule likabaki pale pale mpaka lori la nyuma likapiga honi. Watoto walifurahi sana. Kwa mara ya kwanza ni Bibi Kaa-Chini aliyeambiwa aende.

Basi akaanza kuuliza. Akajua kwamba magari yale hayatoki kiwandani yakiwa mazima. Mtu hununua fremu na mabati yake, akatafuta injini na gia kutoka kwenye gari la kawaida, kisha huunganisha nati kwa nati mpaka gari likasimama. Akajua kwamba siri ya gari lile si injini kubwa. Siri ni kwamba halina kitu: halina zulia, halina redio, halina kabati la glavu, mengine hayana hata mlango, kwa hiyo injini ndogo tu inatosha kulirusha. Wa kwanza kusimuliwa naye hayo yote alikuwa wifi yake.

Wifi huyu, dada yake Baba Pacha, alikuwa karani wa posta, na mdomo wake haukuwa na breki.

"Wifi," alisema, akiwa ameshika kikombe, "umri huu watu wanatafuta kiti cha kubembea."

"Nitafute cha nini? Kiti cha kubembea hakiendi popote."

"Na huyo kaka yangu utamweka wapi? Kwenye buti?"

"Halina buti."

Wifi alicheka mpaka akaweka kikombe chini. Lakini Mama Pacha hakucheka sana, kwa sababu lile lililosemwa kwa mzaha ndilo lililokuwa likimkera rohoni.

Baba Pacha alikuwa fundi wa lifti. Miaka yote alipanda na kushuka kwenye mashimo ya majengo, akining'inia kwenye ngazi za chuma na mkoba wa spana begani, na mikono yake ilikuwa minene kuliko miguu ya watu wengine. Nyonga ndiyo iliyomwangusha. Ilisagika, akafanyiwa operesheni, ikawekwa ya bandia, na madaktari wakaridhika. Yeye ndiye hakuridhika. Mguu mmoja ulikubali kukunjika hadi mahali fulani, kisha unasema basi. Alistaafu, akachukua bakora, akajinunulia kiti kirefu cha jikoni kwa sababu viti vifupi vilimtesa, na juu ya kiti kile akajipa kazi ya kupiga pasi. Alipiga pasi kila kitu. Alipiga pasi mpaka vitambaa vya kufutia vyombo.

Kupiga pasi hakukuwa tatizo. Tatizo ni kwamba hakutoka. Kuingia ndani ya gari la mtu kulimaanisha mmoja amshike kwapa, mwingine ainue mguu, wa tatu aseme "polepole, polepole, kichwa!" huku majirani wamesimama, na yeye anasukumwa ndani kama kabati. Baada ya mara mbili tatu akakata shauri. Harusi zikapita, misiba ikapita, wajukuu wakafanya sikukuu zao za kuzaliwa, naye anatuma salamu. Mkewe alikuwa akirudi na kumweleza nani alivaa nini, na yeye anasikiliza, anacheka panapochekesha, kisha anakunja shati linalofuata.

Kwa hiyo ijulikane wazi kilichokuwa mezani. Fedha alikuwa nazo, alizidunduliza mwenyewe, na hakuna aliyemuuliza. Ruhusa alikuwa nayo. Alichokitaka Mama Pacha ni kwamba vile viti viwili kimoja kiwe chake na cha pili kiwe cha mumewe, na mumewe akikalie. Gari ambalo atazunguka nalo mwenyewe huku mtu wake yuko nyumbani anakunja vitambaa, hilo hakulitaka hata la bure.

Karakana aliyoelekezwa ilikuwa nyuma ya duka la rangi, ukumbi mrefu wenye mlango wa kukunja na sakafu iliyofagiliwa vizuri, jambo lililompendeza. Fundi alikuwa mwanamume mnene, mcheshi, aliyeitwa Spana na kila mtu pamoja na mama yake mzazi.

"Shikamoo mama. Umekuja kumtafutia kijana wako gari?"

"Marahaba. Nimekuja kujitafutia mwenyewe."

Spana alimtazama, akaitazama sare yake ya udereva, akafuta mikono. "Karibu ndani, mama. Samahani."

Kulikuwa na masanduku upande mmoja: gari zima, lakini vipande vipande, la mtu kujiunganishia nyumbani kwake. Spana alilisifia sana. Alisema gari ulilojiunganishia unalijua kama mtoto wako. Mama Pacha alimjibu kwamba watoto wawili aliowajua walimtosha, na kwamba yeye anataka kuendesha, hataki kukaa miaka anatafuta nati iliyoingia chini ya friji. Masanduku yakaishia hapo.

Yalibaki mawili yaliyo tayari, yenye namba, taa, honi na vioo, yaliyokwisha kukaguliwa na kuruhusiwa kutembea barabarani. Moja jeupe, lina milango miwili midogo na paa la turubai. Jingine la kijani, halina mlango wala paa. Ubavu wake ulikuwa ukuta mfupi wa bati unaofika kwenye paja, na juu ya viti lilipinda bomba nene la chuma la kulinda vichwa endapo gari litapinduka. Kuingia kwake, Spana alionyesha, ni kuvuka ukuta, kukanyaga kiti, kushika bomba, kisha kujiteremsha miguu mbele mpaka unapotea.

Mama Pacha alifanya alichokifanya kila asubuhi kazini: alilizunguka gari. Kwa basi, mzunguko ule ulikuwa safari. Hapa aligusa tairi, akaangalia taa, akainama kutazama kama kuna mafuta yanavuja, na kabla hajajipanga vizuri akajikuta amerudi alikoanzia. Alicheka peke yake. Kisha akauliza maswali yake. Namba ya fremu inalingana na ya kwenye kadi? Inalingana. Kuna kutu kwenye maungio? Hakuna, tazama mwenyewe. Na matuta? Kwa maana matuta ya mji ule alikuwa akiyajua moja moja, yale ya kistaarabu na yale yaliyojengwa kwa hasira. Spana alikiri kwamba kwenye matuta ya hasira itabidi apite kwa kukata upande, gurudumu moja kwanza.

Walianza na jeupe. Lilikwenda vizuri. Ndiyo yote niwezayo kusema juu yake, na ndiyo yote aliyoweza kusema yeye.

Kisha la kijani, Spana kwenye kiti cha pili. Mama Pacha alijiteremsha ndani kwa namna ambayo hangependa ionekane na walimu, akafunga mkanda, akanyoosha miguu, na barabara ikawa pale pale karibu na kiwiko chake. Alikanyaga mafuta kidogo tu. Mwili mzima ukarudi nyuma. Aligusa usukani, gari likageuka. Aliwaza kugeuka, likageuka kabla ya wazo kuisha. Upepo ukamwingia hadi kwenye mikono ya shati. Miaka yote ile alikuwa akiendesha jengo, na sasa kwa mara ya kwanza alikuwa anaendesha gari. Alifurahi, alifurahi kama mtu asiye na akili timamu.

Ndipo ikaja kona ya kliniki ya meno. Dereva wa basi, akitaka kupinda, haanzi kupinda. Kwanza anajitoa upande wa pili, anapanua, anasubiri mkia wa basi upite nguzo, halafu ndipo anazungusha usukani kwa nguvu zote. Mikono ya Mama Pacha haikumuuliza. Ilijitoa upande wa pili, ikakutana uso kwa uso na gari la mkate lililopiga breki na honi kwa pamoja, ikasubiri mkia usiokuwepo, kisha ikazungusha usukani kwa nguvu zote. Kigari kikatii. Kikageuka pale pale kilipokuwa, kikapanda ukingo wa barabara na kusimama katikati ya maua ya daktari wa meno. Wagonjwa watatu wenye mashavu yaliyovimba walikuwa wamekaa barazani wakitazama.

Spana alikuwa ameshika dashibodi kwa mikono miwili.

"Mama," alisema alipopata pumzi, "ulikuwa unampisha nani?"

"Mkia."

"Mkia wa nani?"

"Wa basi."

Spana alicheka mpaka machozi. Alikuwa na haki ya kucheka, gari halikukwaruzika, na daktari mwenyewe alitoka akasema maua yataota tena. Lakini Mama Pacha hakucheka. Hakuwahi kupanda ukingo, hakuwahi kugusa hata ndoo ya takataka, na sasa amekaa kwenye maua na sare yake mwilini. Alirudi karakana kwa mwendo wa maziko. Alipovuka ule ukuta wa bati kutoka, akaliona jambo jingine alilokuwa akijitahidi kutoliona: kwamba mtu mwenye mguu usiokunjika hawezi kuuvuka.

"Nitachukua jeupe," alimwambia Spana. "Lina mlango. Mume wangu ana mguu."

"Hapo umefikiri, mama. Kwa mzee, mlango."

"Jumamosi nakuja tumalizane."

Jioni alimkuta Baba Pacha jikoni, juu ya kiti chake kirefu, anapiga pasi sare ya mkewe ya kesho. Akamwambia kwamba amepata gari.

"La rangi gani?"

"Jeupe."

"Na lile lingine?"

"Lipi lingine?"

"Mama Pacha, wewe hujawahi kununua hata sufuria bila kushika mbili."

Hapo akalazimika kulitaja la kijani. Alikusudia kulitaja tu. Lakini kueleza kuwa halina mlango kulimfanya aeleze ukuta wa bati ulivyo, na huo ukaleta kiti, na kiti kikaleta usukani, na usukani ukataka mikono, akasimama katikati ya jikoni anapinda kona kwa mikono yote miwili huku anatoa sauti ya injini kwa mdomo. Alieleza upepo. Alieleza namna ya kukata tuta. Hata habari ya maua aliieleza, na sasa aliweza kuicheka. Aliponyamaza, kulikuwa na harufu.

"Shati!" alisema.

Baba Pacha aliinua pasi. Kola ya sare ilikuwa na alama ya kahawia, pana, yenye umbo la pasi kamili. Aliitazama bila wasiwasi wowote.

"Jeupe umelieleza kwa neno moja," alisema. "La kijani umenieleza mpaka nguo imeungua. Kwa nini basi si la kijani?"

"Halina mlango, nimekwambia."

"Wewe unahitaji mlango?"

Mama Pacha alilichukua lile shati akaenda nalo kwenye sinki, ingawa alijua vizuri kwamba alama ya pasi haitoki kwa maji. Mumewe alimngoja. Alikuwa mtu wa kungoja. Kazi ya lifti ilimfundisha.

"Jumamosi nakwenda kuliona," alisema mwishowe.

Mkewe aligeuka. Hakukumbuka mara ya mwisho kusikia kutoka kwa mtu yule neno "nakwenda."

Jumamosi asubuhi wifi alikuja na gari lake la kawaida, la milango minne, na ile shughuli ikafanyika kama ilivyokuwa ikifanyika: kwapa, mguu, kichwa, polepole. Majirani hawakukosa. Baba Pacha alikaa mbele ametazama kioo, taya limekaza, na wifi, kwa mara moja katika maisha yake, alinyamaza mpaka karakana.

Spana alikuwa amelifuta jeupe likang'aa. Alifungua mlango wake mdogo kwa heshima zote. "Karibu, mzee."

Baba Pacha aliutazama mlango, akatazama paa, akajikaza. Alitanguliza mguu mzuri. Akainamisha kichwa chini ya turubai, akakaa nusu, na hapo ule mguu mwingine ukasema basi. Hauendi mbele kwa sababu ya mlango, haurudi nyuma kwa sababu ya kiti, na kichwa hakiinuki kwa sababu ya paa. Alikuwa amekwama nusu ndani nusu nje, bega limeegemea turubai. Spana alimshika kwapa. Wifi alimshika mguu. Mama Pacha alisimama kando, mikono imeshika mkoba, na akajilaumu kwa yote: kwa taa za barabarani, kwa hamu yake, kwa kumtoa mtu wa watu kwenye kiti chake cha amani. Alijisemea kwamba wakimtoa salama, atamrudisha nyumbani na habari ya gari hataitaja tena.

Walimtoa. Akasimama, akapokea bakora yake, akajifuta jasho. Wote walingoja aseme twende.

Yeye alikuwa anatazama la kijani. Alilitazama kama fundi anavyotazama, kwanza juu, kisha chini. Akasogea, akalishika lile bomba la chuma kwa mkono mmoja, akalitikisa. Halikutikisika.

"Limeungwa wapi hili?"

"Kwenye fremu yenyewe, mzee. Linabeba gari zima."

"Mimi si gari zima," alisema Baba Pacha. Kisha akawageukia. "Geukeni wote."

"Tugeuke vipi, kaka?"

"Tazameni ukutani. Na mtu asinisaidie. Nikiomba, ndiyo mje."

Basi wakageuka, watu wazima watatu, wakasimama bega kwa bega mbele ya ukuta wa karakana, wakatazama kalenda ya kampuni ya mafuta ya injini ambayo hata mwezi wake ulikuwa umepita. Nyuma yao bakora ilianguka kwa kishindo. Wifi alitaka kugeuka, Mama Pacha akamshika mkono. Wakasikia bati likilalamika kidogo. Wakasikia pumzi, halafu kimya kirefu, halafu kitu kama mkoromo, halafu neno moja ambalo Baba Pacha hakuwahi kulisema mbele ya dada yake. Mama Pacha alikuwa ameyafumba macho. Kalenda hakuiona tena.

"Haya."

Wakageuka. Baba Pacha alikuwa amekaa ndani ya gari la kijani, kiti cha abiria, miguu yote miwili imenyooka mbele yake ndani ya ile nafasi ndefu, na mikono yake bado iko juu, imeshika bomba. Baadaye alimweleza mkewe. Alikaa juu ya ukuta wa bati kana kwamba amekaa juu ya kiti chake cha jikoni, akazungusha miguu yote pamoja, na kwa sababu juu hakukuwa na paa wala kando mlango wa kumbana, akajining'iniza kwa mikono akajishusha taratibu mpaka chini. Nyonga haikukunjwa kupita pale inapokubali. Gari lile lilimtaka mtu anyooshe miguu, na kunyoosha ndiyo kitu pekee ambacho mguu wake ulipenda.

"Nani anaendesha?" aliuliza.

Mama Pacha alipanda kwa haraka hivi kwamba alisahau kujali ataonekanaje. Alifunga mkanda. Walitoka polepole kwenye lango, wakapita duka la rangi, wakaingia barabarani. Baba Pacha aligeuza kichwa huku na huku. Alikuwa anatazama nyumba, vibao, watu, kama mtu aliyetoka hospitali, na kwa kweli alikuwa hajaupita mtaa ule tangu operesheni. Kona ya kliniki ikaja. Mikono ya Mama Pacha ikaanza kujitoa upande wa pili, kama ilivyozoea. Akatupa jicho kwenye kioo. Ndani ya kioo kulikuwa na bega lake mwenyewe na barabara tupu, hakuna hata kichwa kimoja cha kuambiwa kaa chini. Akapinda tu. Gari likapinda naye, kwa upole, likateleza mbele ya maua ya daktari bila kuyagusa, na Baba Pacha akapiga kelele. Mkewe alishtuka akidhani ameumia.

"Nini?"

"Rudia!"

Akarudia. Walizunguka jengo la kliniki mpaka wagonjwa wa barazani wakaanza kuwapungia mikono. Kofia ya Baba Pacha iliruka na upepo, wakaiacha iende zake. Kwenye tuta la karibu na shule, baya kuliko yote, Mama Pacha alikata upande, gurudumu moja kwanza, wakapita bila kukwaruza, na mumewe akasema, "Eee, dereva!" kwa sauti ambayo mkewe hakuwa ameisikia tangu pacha walipozaliwa wote wawili wazima. Roho ilikuwa kwatu. Hakuna neno jingine.

Waliporudi, Spana alikuwa amesimama na bakora mkononi, tayari kusaidia. Baba Pacha alimwonyesha kiganja.

"Ngoja kwanza, fundi." Akamgeukia mkewe. Injini ilikuwa bado inanguruma, kwa hiyo alisema karibu na sikio lake. "Ulisema umechagua jeupe."

"Nilisema."

"Kwa sababu yangu."

Mama Pacha alifungua mdomo akatae, akaona haina maana. "Kwa sababu yako. Na kwa sababu ya maua."

"Ya maua ni yako, nakuachia. Lakini mguu huu ni wangu. Ningeshindwa leo, ningeshindwa mwenyewe, ningerudi nyumbani nikapiga pasi. Wewe usinitangulie kushindwa."

Maneno yalimwingia. Alikuwa akidhani anamhurumia, kumbe alikuwa amemfungia mlango kabla mtu hajabisha. Aliona aibu, na ndani ya aibu ile ile aliona furaha, maana aliyekuwa akimwambia hayo ni yule mtu wa mashimo ya lifti, yule aliyemwoa, si yule wa vitambaa vya vyombo.

"Nalitaka hili," alisema. "Tangu siku ya kwanza."

"Usiniambie mimi. Mwambie mwenye gari."

Alizima injini. "Spana! Nachukua la kijani."

"La kijani?"

"La kijani, baba. Lete karatasi."

"Sawa, mama. Acha basi tumtoe mzee kwanza..."

"Nani kasema natoka?" aliuliza Baba Pacha. "Mimi nitatoka nikifika kwangu."

"Na mimi niliyekuleta?" wifi alilalamika. "Nirudi na kiti kitupu?"

"Rudi na bakora."

Wifi aliipokea bakora kutoka kwa Spana, akatamka kwamba amewahi kutumiwa na ukoo huu, lakini si kwa kiwango hiki, kisha akaenda kuketi garini mwake akicheka na kujifuta macho. Spana alileta karatasi. Mama Pacha alizitandaza juu ya boneti, ambayo ilikuwa bado ya moto, akatia sahihi kila alipoonyeshwa. Alipoinua kichwa, mumewe alikuwa ameshafunga mkanda.